Mtende Dume wa Mabela

Nimestaafu mwezi uliopita, na kustaafu kwa mkulima ni jambo la kuchekesha, maana hakuna ofisi inayokuambia muda wako umekwisha. Mimi niliambiwa na magoti. Mjukuu wangu Ghaniya ndiye aliyeshika shamba sasa. Amenipokonya jembe kwa adabu zote, akaniweka barazani na chupa ya chai, kisha akaniomba nitulie. Situlii. Kila nikinywa nusu kikombe ninainuka kwenda kutazama kama mipira inatoa maji, na kila nikienda ninakuta inatoa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwishowe Ghaniya akasema, "Bibi, kama kukaa huwezi, basi andika. Tuandikie sisi tunaoanza, weye ulianzaje." Basi ninaandika. Bei za tende za mwaka gani na mwaka gani msizitafute humu. Vyeo navyo shambani hakuna: kuna anayemwagilia maji, na kuna anayesema atamwagilia kesho.

Nyinyi mnaijua Mabela ya nyumba mpya, ambako mtu huzunguka na gari mpaka achoke akitafuta pa kuliweka. Tulipofika sisi, mwaka 1964, palikuwa na changarawe, miti ya miiba na upepo. Tulikuwa watatu: Baba, Mama na mimi, msichana mkubwa ambaye alikuwa bado hajaolewa. Unguja Baba alikuwa na shamba la karafuu na minazi. Yalipotokea mapinduzi tuliondoka na nguo tulizovaa. Babu yake Baba ndiye aliyetoka Oman; Baba mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona, na alipoiona hakuipenda. Jamaa zetu wa Maskati walitupokea vizuri, lakini siku zile lango la mji lilikuwa likifungwa usiku, na Baba, mtu wa shamba, alisema hawezi kulala mahali panapofungwa kama banda la kuku. Hakuwa akilala hata hivyo. Alikuwa akizunguka uani mpaka Mama anamwambia, "Nassor, utachimba handaki."

Jamaa mmoja akamzungumzia kwa sheikh wa upande wa Sib, na sheikh akasema Mabela kuna ardhi iliyokufa, nyuma ya mashamba ya zamani. Sharia inajulikana: ardhi iliyokufa ni ya yule anayeihuisha. Lakini watu wa pale walikuwa na kipimo chao cha uhai. Ardhi haikuhesabiwa hai mpaka iwe na kisima, na juu ya kisima mtende unaozaa. Ukipanda figili, vitunguu au majani ya mifugo, hujapanda kitu, kwani hayo hata mpita njia hupanda akaondoka. Sheikh alimweleza Baba haya yote, naye akaitikia kwa kichwa. Njiani akamwambia Mama, "Mitende ya nini? Sie hatukai. N'tapanda cha kula tu. Mambo yakitulia, tunarudi."

Siku ya kwanza ya kazi yangu sikupewa jembe. Nilipewa ng'ombe. Kisima kilikuwa kimechimbwa na watu wawili wa Sib wakishirikiana na Baba, na maji yake yalikuwa na chumvi kidogo. Juu yake ilisimamishwa zijra, yaani magogo yenye gurudumu la mti, kamba na ndoo ya ngozi. Ng'ombe huteremka mtaro, kamba ikavuta, ndoo ikapanda ikajimwaga; kisha ng'ombe hurudi kinyumenyume, na yeye hapendi. Gurudumu lilikuwa likilia tangu alfajiri. Watu wa pale walisema mwenye shamba hulitambua gurudumu lake kwa mlio. Mimi nililitambua kwa kichwa kuuma. Mama alisimama mlangoni pa kibanda, mkono kiunoni, akatazama binti yake akimfokea ng'ombe juani, akasema, "Unguja ulikuwa hujui hata jembe linashikwa upande gani." Ni kweli. Unguja tulikuwa na watu wa kulishika. Kitu cha kwanza nilichojifunza Mabela ni kwamba ardhi haikuwa na habari ya sisi tulikuwa nani.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Moza, jirani wa mashamba ya zamani ya upande wa baharini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye barakoa na sauti nene, na kwake yeye kila kitu duniani ama kinazaa ama kinadanganya. Kiswahili alikuwa hajui hata neno, na Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu, kwa hiyo miezi ya mwanzo alinifundisha kwa kunipiga mkono. Nikishika mundu vibaya, kofi. Nikikata qatt, yale majani ya mifugo, chini mno mpaka shina likajeruhika, kofi. Acheni vidole viwili juu ya udongo, yatachipua tena upesi. Acheni kidogo zaidi wakati wa joto. Hili hata mashine zenu mnaweza kuziambia.

Kiarabu kikanijia kutokea mikononi, ndiyo maana mpaka leo ninajua maneno mengi ya kamba na samadi kuliko ya salamu.

Baba alipanda figili, akavuna. Akapanda vitunguu, akavuna. Kila tuta likiisha alikuwa akifuta mikono na kusema, "Haya, hili ndilo la mwisho." Alikuwa na redio, na jioni alikaa nayo sikio kwa sikio akitafuta sauti ya kwao. Habari zilipokuwa mbaya, alinyamaza. Zilipokuwa nzuri, hakulala. Mimi nilikuwa na dhiki ya namna nyingine. Nilikuwa siwezi kukaa mahali ambapo kila siku ni ya mwisho. Usiulize mwezi ujao tutafanya nini, usiulize paa litaezekwa lini, maana sisi hatukai. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho kikishindikana kuondoka nacho, basi tusiondoke.

Bi Moza alikiona kitu hicho usoni pangu kabla sijakisema. Siku moja akaja na punda aliyebeba sarma, yale machipukizi yanayotoka ubavuni mwa mtende mkubwa, yamefungwa magunia mabichi. Akaniambia, "Hawa ni majike. Na huyu mmoja ni fahali. Mpande upande wa upepo, na umwekee alama moyoni." Akanionyesha kuchimba shimo mpaka kiunoni, kuweka samadi iliyooza chini kabisa, kuusimamisha mche wima na kuuacha moyo wake juu ya udongo, kwani maji yakiingia moyoni umekufa. "Sarma ni mzazi," akasema. "Ana arubaini yake. Siku hizo zote maji kila siku, na asipigwe na jua uchi." Nikaifunika kwa magunia na kuimwagilia kama alivyosema. Mama, ambaye alikuwa hataki kusikia habari za jembe, aliposikia habari za arubaini alikuja mwenyewe kuitazama.

Baba alikuja mara moja tu.

"Umepanda nini hapa?"

"Mitende, Baba."

"Na mtende huzaa baada ya muda gani?"

"Bi Moza anasema miaka minne, mitano."

Akatazama ile safu ya magunia. "Basi umempandia nani, mwanangu? Sie hatutakuwepo."

Akaondoka, na hakukanyaga tena pembe ile. Maji ya mitende nilikuwa nikiyateka mimi, baada ya maji ya matuta yake. Nyumbani hatukuitaja. Mkisikia watu wakisema kimya ni dhahabu, waulizeni kama wamewahi kula wali wa jioni pamoja na Baba yangu.

Miaka ikapita. Matuta ya mwisho yalikuja na kwenda, na sisi tukawa bado tupo. Mitende ikakua. Ninyi mnaopenda kupima kila kitu, pimeni hili pia: mtende mchanga ukiuangalia kila siku haukui, na ukiondoka kidogo ukarudi unakuta umekushinda urefu. Nilikuwa nikiuzunguka kila mmoja, nikiutafutia ugonjwa usio nao. Bi Moza alinikataza. "Utawachosha," alisema.

Mwaka 1969 akatokea Khalfan. Huyu alikuwa mtu wa Sib mwenye mbuzi wengi na shamba la zamani, na uwanda ule wa Mabela ulikuwa malisho ya baba yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja akasimama penye qatt yetu, akang'oa unyasi mmoja akautafuna. Akasema mbele ya watu kwamba Wazinjibari hawa ni wapita njia, kila siku wanasema wanaondoka, na yeye mwenyewe amewasikia. Basi waondoke, malisho yarudi. Tatizo ni kwamba hakusema uongo. Baba alikuwa amelisema hilo kwa kila aliyemwuzia kitunguu. Shauri likaenda kwa sheikh, na sheikh akahukumu kwa kipimo kilekile: nitakuja wakati wa mavuno. Mitende ikiwa imezaa, ardhi imehuishwa. Isipozaa, Khalfan atachunga.

Hapo ndipo Baba akabadilika, na mimi sikumwona akibadilika, maana nilikuwa nimeshughulika na kuogopa. Lakini nilimwona asubuhi moja amesimama pembe ya mitende, mikono nyuma, akiikagua kwa jicho lake la zamani la mwenye shamba. Nilifurahi, nikamwacha. Majike yalikuwa yameanza kutoa makarara yao ya kwanza, yale maganda yanayobeba maua, bado yamefumba. Dume lilikuwa limetangulia kidogo. Mimi na Bi Moza tukaenda sokoni Matrah kuuza qatt, nikiwa nimehesabu kwamba tutarudi kabla karara lolote halijapasuka.

Niliporudi, Mama alinipa sahani. Juu yake kulikuwa na kitu cheupe, kimekatwa vipande vizuri.

"Kula," akasema. "Baba yako kakuwekea."

Nikala. Kilikuwa kitamu, chororo, kama ule moyo wa mnazi uliokatwa, na kwa dakika ile nilikuwa Unguja kabisa. "Kichilema!" nikasema. "Mama, mnazi mmeutoa wapi huku?"

"Mnazi wapi, mwanangu? Mtende."

Baba alikuwa nyuma yangu, shoka begani, anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu tulipofika. "Nnakwambia hii mitende yako inataka mwenyewe," akasema. "Mmoja ule wa pembeni ulikuwa unakula maji bure. Nimeukagua wote, una maua ya unga tu, tunda hata la dawa hamna. N'kauangusha. Mnazi usiozaa hukatwa, wenziwe wapate nafasi. Makarara yake nimewapa mbuzi."

Hakuna Mwarabu wa Batina, pwani yetu hii, ambaye angefanya kosa lile, hata mtoto. Huku mtende una mume na mke, na wake wote wa shamba hutegemea unga wa mume, ambao watu wanauita nabat. Mtu huukata, akaukausha, akaupachika kwa mkono ndani ya karara la jike. Mnazi haujui mambo haya. Mnazi hujifanyia wenyewe kila kitu, na usipozaa ni mvivu tu. Baba alikuwa amefanya kazi nzuri sana, ya mtu anayejua shamba, ila shamba lenyewe lilikuwa ng'ambo ya bahari. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba katika miaka yote ile, ile ndiyo siku ya kwanza aliyoifanyia Mabela kazi isiyokuwa ya kula leo.

Bi Moza alipoona kisiki alijipiga kifuani. "Mmemuua fahali!" alipiga kelele. "Mmewafanya wajane!" Nikamfasiria Baba. Akakaa chini palepale juu ya changarawe, shoka mapajani, na kicheko chote kikamtoka.

Makarara ya majike yakapasuka siku chache baadaye, na karara likipasuka hungoji, ukichelewa limepita. Madume ya Bi Moza yalikuwa yamekwisha, unga wake ameshaugawa kwa jirani wote. Nikaenda shamba hadi shamba. Kila mahali ni hivyohivyo: tumemaliza, binti, ungekuja mapema. Nilitembea mpaka kandambili zikakatika, na sikusimama. Mwishowe mwanamke mmoja akaniambia kuna dume moja linalochelewa kila mwaka, na bado lina makarara. Ni la Khalfan.

Nilimwambia Baba nikijua atakataa. Akanawa, akavaa kanzu safi, akafunga kilemba. "Twende," akasema. "Weye utanifasiria."

Khalfan alitupokea barazani kwake, akatukaribisha kahawa na tende kama inavyopasa. Mimi nilikaa karibu na mlango. Baba alikunywa, akatikisa kikombe kuonyesha kimemtosha, akasema shida yake, nami nikaifasiri. Khalfan hakucheka. Akasema maneno ambayo ninayakumbuka kwa sauti yake: "Huku kwetu mgeni hupewa tende, hapewi nabat. Nabat hupewa jirani, na jirani haombi akanyimwa, hata kama ni adui yangu. Basi niambie. Wewe ni mgeni, au ni mtu wa hapa?"

Nikamfasiria Baba. Akatazama ndani ya kikombe kitupu. Nilijua anachokitazama. Alikuwa akiutazama mlango wa nyumba yetu ya Unguja, na njia ya mikarafuu, na kaburi la mama yake, na kila kitu alichokuwa akikiwekea nafasi kwa kutopanda. Nilitaka kumwambia Baba, basi, twende zetu, acha. Sikusema. Nilikuwa nikiitaka mitende ile mno.

"Miye wa hapa," akasema, kwa Kiswahili.

Nikafungua mdomo kufasiri. Akaniinulia mkono. "Usiseme weye. N'tasema mwenyewe." Akasema kwa Kiarabu chake kibovu, polepole, akimwangalia Khalfan usoni, kwamba yeye ni mtu wa hapa.

Khalfan akainuka, akaenda kukata karara kwa mkono wake. Alipotupatia alikuwa amekasirika, na sidhani alikuwa ametukasirikia sisi. "Ninajinyang'anya mwenyewe," akasema. Lakini alitoa.

Nilikimbia kurudi. Kwa nyinyi mnaopulizia unga kwa mashine, kwetu ilikuwa hivi: unachukua vijiti vichache vya dume, unavigeuza kichwa chini, unavipachika katikati ya shada la jike, unafunga kwa ukuti uliochanwa, kwa ulegevu, ili shada likinenepa lijifungue. Mitende ilikuwa bado mifupi, nikafanya nimesimama juu ya pipa. Niliimba. Niliingia kibandani nikiimba, nikataka kumwambia Baba kwamba majike yote yamepata unga. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, na chakula chake kimefunikwa.

Mama akanivuta nje. "Nyamaza," akasema. "Baba yako leo kazika."

Ile furaha yangu sikuiacha, siwezi kusema uongo, lakini tangu hapo haikukaa vizuri mwilini.

Mashada yakashika. Yakawa kijani, yakawa manjano, yakaanza kulainika ncha, katika joto lile la mwaka 1970 ambamo Sultani mpya alishika nchi na mambo yote yakabadilika, na barabarani watu walikuwa hawazungumzi jingine. Mimi nilikuwa nikifukuza ndege. Sheikh alikuja asubuhi na wazee wachache, na Khalfan akiwa nao. Akazunguka mtende kwa mtende, akabonyeza tende, akatazama kisima, akafika penye kisiki, akauliza ni nini. Bi Moza, akiwa mbali, akajibu kwa sauti ambayo hata Sib waliisikia, na wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi. Baba naye akacheka.

Kisha sheikh akauliza lile linaloulizwa: "Nani aliyeihuisha ardhi hii?"

Wote wakamtazama Baba. Ilikuwa neno moja tu. Baba akanishika bega, akanisogeza mbele.

"Huyu," akasema.

Khalfan akaruka. "Lakini wewe uliniambia wewe ni mtu wa hapa! Kwangu, ukinywa kahawa yangu!"

"Nilisema, na sitalirudisha," Baba akasema, na Kiarabu chake siku ile kilisimama. "Miye wa hapa. Lakini sheikh ameuliza nani kaihuisha ardhi. Hakuuliza nani amekata tamaa ya kurudi. Mimi mitende hii nilikataa kuitekea maji, na mmoja nikauua. Kila kilicho hai hapa ni cha huyu."

Sheikh akanitazama mimi, mwanamke wa makamo ya kuolewa, mwenye miguu ya udongo, akasema ardhi ni ya aliyetajwa, na Mwenyezi Mungu aibariki. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeitaka kuliko kitu chochote. Sasa nilipopewa nilitaka kulia, maana niliona Baba amebaki hana lile la kule wala hili la huku. Nikamgeukia. Alikuwa amekunja mikono ya kanzu, amesimama anangoja, kama walivyokuwa wakimngoja yeye watu wake wa karafuu.

"Haya, mwenye shamba," akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, wengine wasielewe. "Miye n'fanye nini?"

Nikaangua shada lililoiva vizuri kuliko yote. Wageni nikawapa tende, na Baba nikampa jembe, kwa sababu mfereji wa upande wa kisima ulikuwa umeziba.